Pikipiki ya Mzee Khisa

Ukienda Matisi, pale Kitale, ukauliza fundi wa mitungi ya maziwa, yeyote utakayemkuta atakuelekeza kwa Wabwile. Nyumba ya mabati ya kijani, geti la vyuma chakavu, na nyundo inalia kuanzia saa mbili asubuhi mpaka majirani wachoke kulalamika. Ni mtu mfupi, mabega mapana, miaka arobaini na minane, na kofia ya sufu ambayo mkewe Phelista amejaribu kuichoma moto mara mbili. Haongei sana. Ukimsalimia atajibu, ukimtania atacheka, lakini ukimuuliza jambo la maana atatafuta kwanza kitu cha kushika mkononi ndipo afikirie jibu, na mara nyingi jibu lenyewe haliji. Watu husema ni upole. Mimi nilisema hivyo pia, zamani, na siku hizi nimeacha.

Miaka mitatu iliyopita, Jumamosi moja ya Januari, alishuka Kanduyi, pale Bungoma, kwa mama yake mzazi, Peris, na pikapu ya kukodi. Akatoa stoo pikipiki ya marehemu baba yake. Ilikuwa imelala humo nyuma ya magunia ya mahindi tangu mzee azikwe: Mjapani wa mwaka wa sabini na mbili, silinda mbili, tairi zimeoza, na kuku wametaga chini ya injini. Mzee Khisa aliipanda akienda kuchanja ng'ombe za watu, Kanduyi mpaka Bokoli, Bokoli mpaka huko juu, na wazee wengi wa upande ule bado wanakumbuka mlio wake. Mama akachemsha chai. Wakanywa, wakaongea habari za mvua, na Wabwile akapakia chuma chake akaenda zake.

Alichotaka kufanya kilikuwa kichwani tangu akiwa kijana wa miaka kumi na tisa. Wakati huo alikuwa anajifunza ufundi kwenye gereji moja ya matrekta, njia ya Endebess, na ukutani palikuwa na kalenda ya zamani iliyochafuka grisi, yenye picha ya pikipiki ya mashindano ya miaka ya sitini. Nyembamba. Usukani uko chini kabisa, mpaka dereva analala kifudifudi. Tangi refu la fedha. Kiti cha mtu mmoja, chenye kinundu nyuma. Mwenye gereji hakubadilisha ile kalenda miaka minne, na Wabwile kila mchana akila githeri yake aliitazama. Pikipiki ya aina ile huwezi kuipata hapa kwetu hata ukiuza shamba na nyumba iliyo juu yake. Akaamua ataitengeneza mwenyewe, siku akipata chuma cha kuanzia.

Basi akaanza. Aliifungua yote juu ya turubai nyuma ya jiko, kila bolti ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, kila mkebe na kijikaratasi chake. Akakata fremu kwa nyuma na msumeno wa umeme. Halafu akachukua bomba la maji, akalijaza mchanga mkavu akalizibia ncha zote mbili ili likikunjwa lisibonyee, akalichoma likawa jekundu, akalikunja taratibu kwenye shina la mti mpaka likawa duara la kushikilia kile kiti kidogo. Mara ya kwanza alisahau kuukausha mchanga, ukatoa mvuke, kizibo kikaruka kikatoboa sufuria ya Phelista. Hiyo sufuria bado inatajwa katika nyumba ile kila kunapokuwa na ugomvi wa kitu kingine.

Tangi ndilo lililomtesa. Rafiki yake Chesang, mfugaji wa Endebess, alimpa mitungi mitatu ya alumini iliyochoka kubeba maziwa. Wabwile akaipasua, akainyoosha, akaanza kuigonga juu ya gogo la mkaratusi alilolichimba shimo katikati. Alumini ukiigonga sana inakuwa ngumu na kupasuka, kwa hivyo ni lazima uilainishe kwa moto, na moto ukizidi kidogo tu inayeyuka mbele ya macho yako. Fundi wa Matisi hana kipima joto. Anapaka sabuni ya mche juu ya bati, anapitisha moto chini, na sabuni ikigeuka nyeusi anajua bado kidogo tu, anatoa. Tangi la kwanza lilivuja. La pili lilikuwa na shavu moja kubwa kuliko lingine. Sabuni ya nguo ikaisha nyumbani mara tano.

"Baba Viola," Phelista akamwambia siku moja, akiwa amesimama na beseni la nguo chafu, "si ungeoa tu hiyo pikipiki tujue moja."

"Mahari yake nimeshalipa na sabuni," Wabwile akasema.

Hiyo ndiyo sentensi ndefu aliyoitoa mwezi huo.

Tangi la tatu likakubali. Akaling'arisha kwa msasa laini mpaka ukiinama unaona meno yako, na ubavuni akaandika kwa brashi, herufi nyekundu, polepole, mkono mmoja umeshika mwingine usitikisike: KHISA. Alipomaliza alikaa chini kwenye turubai, na Phelista akamkuta anafuta macho kwa ile kofia. Akarudi jikoni.

Sasa ujue jambo moja alilokuwa akilitaka, maana ndilo lililokuja kumvunja. Kila Desemba wenye pikipiki za zamani hukutana Kitale, uwanjani, wakajipanga, mtangazaji akasoma kwa kipaza sauti jina la pikipiki na la aliyeitengeneza, halafu wakazunguka uwanja mara tatu watu wakipiga makofi. Hakuna zawadi ya maana. Wabwile alitaka azunguke mara tatu, jina la baba yake lisomwe mbele ya watu, basi. Lakini waandaaji hawapokei pikipiki isiyo na logibuku halali, yaani hati ya umiliki, na logibuku ya hii ilikuwa bado kwa jina la mtu aliyekufa.

Hapa ndipo Wamalwa anapoingia. Agosti ya mwaka wa tisini, wavulana wawili walishuka mtoni alfajiri wakapakwa tope, wakarudi na nyimbo mpaka uwanja wa nyumba moja, wakasimama mbele ya ngariba mmoja, na nyuma yao akasimama mzee mmoja, Khisa. Mmoja alikuwa mwanawe. Wa pili alikuwa Wamalwa, mtoto wa jirani, ambaye baba yake alikufa mwaka uliotangulia na baba zake wadogo wakakwepa gharama. Mzee Khisa alisema, "Huyu naye nitasimama naye," na kweli akasimama. Tangu siku hiyo hao wawili ni bakoki. Kwa Wabukusu, bakoki ni mtu mliyepashwa tohara naye msimu mmoja, na kwake kuna mambo hayafanyiki. Humwoi binti yake. Humshtaki. Akikuomba kitu humnyimi. Na kuandikiana naye karatasi ni matusi, maana ni kumwambia kwamba hukumwona siku ile akisimama bila kupepesa macho.

Wamalwa alikuwa amekuwa mtu mkubwa kidogo. Ana gesti yake Kanduyi, karibu na uwanja wa michezo, ana koti kwa kila siku ya juma, na anajua kila mtu aliye nyuma ya meza serikalini. Alipokuja Kitale kuiona pikipiki, aliizunguka mara mbili kimya kimya, akaweka kiganja juu ya tangi.

"Bakoki," akasema, "hii umefanya. Mzee angeiona hii, bana."

"Imekosa logibuku."

"Hiyo niachie mimi. Wewe piga nyundo. Mambo ya ofisi wewe utazeekea kwa foleni."

Wabwile akampa cheti cha kifo, kadi ya zamani ya pikipiki na nakala ya kitambulisho chake, vyote ndani ya bahasha ya kaki. Usiku haujaingia vizuri Phelista akauliza, "Mmeandikiana?"

"Na nani?"

"Na huyo Wamalwa. Ati karatasi kidogo tu, umempa nini na atakurudishia nini."

Wabwile akaweka kijiko chini. "Mama Viola, hayo ni mambo ya wanaume. Bakoki haandikiwi."

"Sawa," Phelista akasema, akaondoa vyombo. Mwanamke wa Matisi akikwambia sawa ya namna hiyo, mtu mwenye akili angemfuata jikoni akamuuliza vizuri. Wabwile alienda kulala.

Mwezi wa kumi Wamalwa akapiga simu. Mambo yamekubali, akasema, imebaki ukaguzi, na ukaguzi utafanywa Bungoma kwa kuwa pikipiki ilisajiliwa ikiwa huko. Ailete, aiache siku chache, halafu atakabidhiwa kila kitu pamoja.

Kwa hivyo Wabwile aliipeleka mwenyewe. Aliondoka Kitale saa tatu, jua limetoka, barabara kavu, amelala juu ya tangi na kidevu chake karibu kiguse herufi za baba yake. Kiminini watu wa bodaboda waliacha abiria wakasimama kutazama. Kamukuywa mzee mmoja alivua kofia. Kwenye mteremko wa kwenda Webuye aliiachia, na ile sauti ikapanda, sauti ya eksozi alizozikunja mwenyewe kwa bati, ikapanda ikanyooka, na Wabwile, mtu asiyeongea, akaanza kuimba peke yake kwa Kibukusu mpaka machozi ya upepo yakamtoka. Kanduyi akapitia kwa mama yake. Hakuizima, maana ikishapata joto ni shida kuwaka tena. Akazunguka uani mara mbili, mama amesimama mlangoni, akampungia mkono, akaondoka kwenda kwa Wamalwa. Akamkabidhi ufunguo. Wakanywa soda, wakacheka, akapanda gari akarudi Kitale.

Wiki ikapita. Mbili. Wamalwa alikuwa anasema kesho. Wiki ya tatu Chesang akaja na mtungi wa kuzibwa, na kabla hajashuka vizuri akatoa simu.

"Wabwile, hii si ile mitungi yangu?"

Kwenye picha Wamalwa alikuwa amesimama katika ukumbi wa gesti yake, koti la kijivu, mkono juu ya tangi. Pikipiki imewekwa juu ya jukwaa la mbao lenye zulia. Chini yake alikuwa ameandika: Pikipiki ya marehemu baba yangu, Mzee Khisa. Nimeifufua kwa mikono yangu mwenyewe. Watu mia nne walikuwa wamempongeza. Mmoja aliuliza kama inauzwa, na Wamalwa akamjibu kwamba kuna mnunuzi kutoka Nairobi anakuja kuichukua Jumamosi.

Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Wabwile alirudisha simu ya watu. Akaenda akakaa kwenye gogo la mkaratusi, mikono juu ya magoti, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakutafuta kitu cha kushika. Aliumia. Sina neno lingine la kuzungusha hapo. Mali huibwa, mtu akalia akanyamaza. Lakini "baba yangu", na "mikono yangu", kutoka kwa mtu ambaye baba huyohuyo alimsimamia wakati ukoo wake mwenyewe umemkimbia, hiyo ilimwingia mahali ambapo hata hasira haikufika. Alipiga simu mara mbili haikushikwa. Ya tatu Wamalwa akapokea, sauti tamu.

"Bakoki, mambo ya simu huleta maneno. Si ukuje tuongee na wenzetu."

Walikutana Jumatano kwa Murunga, mlinzi wa magereza aliyestaafu, ambaye ndiye mwenyekiti wao, wale wa mwaka wa tisini. Wanaume saba, viti vya plastiki chini ya kibaraza, kreti ya soda ambayo Wamalwa ndiye aliyeileta. Wabwile alieleza. Maneno yake yote hayakuzidi dakika tatu. Miaka mitatu, mitungi ya Chesang, ufunguo, picha, mnunuzi wa Jumamosi. Wamalwa akamsikiliza mpaka mwisho kwa adabu, halafu akatoa mfukoni logibuku mpya, akaiweka mezani. Jina lake yeye Wamalwa.

Wanaume wakaitazama. Mmoja akakohoa.

"Sisi hatukai kesi ya bakoki na bakoki," Murunga akasema. "Haijawahi kuwa. Mkitaka kesi, mahakama iko hapo mjini, lakini huko mtaenda mkiwa watu wengine."

Wabwile alikuwa amelifikiria hilo njia nzima kutoka Kitale. Alisimama. "Sitaki kesi," akasema. "Bakoki, nakuomba. Mbele ya hawa. Nakuomba hiyo pikipiki."

Kila mtu aliyekuwepo pale kibarazani alielewa amefanya nini. Bakoki akikuomba, humnyimi. Wamalwa angempa, au angemnyima mbele ya mashahidi hao wote, na akimnyima, asingekuwa bakoki wa mtu yeyote tena. Murunga akaweka chupa chini. Kwa dakika hiyo moja Wabwile aliona uwanja wa Kitale, akamsikia mtangazaji.

Wamalwa alivua koti lake akalikunja juu ya kiti.

"Hili koti ungeliomba ningekupa," akasema. "Gesti ungeiomba, tungeongea. Lakini hiyo si yangu kukupa wala kukunyima. Hiyo nilipewa na mama, na nikiitoa nitakuwa nimetupa mkono wa mama."

Akatoa karatasi ya pili. Barua ya ridhaa ya mjane, ile ambayo ofisi huitaka kabla ya kuhamisha mali ya marehemu. Mimi Peris, mke wa marehemu Khisa, nimekubali pikipiki hii iende kwa mwanangu Wamalwa. Muhuri wa chifu. Na chini, badala ya dole gumba, sahihi kamili, ule mwandiko wa kulala wa mwanamke aliyefundisha shule ya Jumapili miaka thelathini, mwandiko ambao Wabwile alifundishwa nao kusoma.

Walimrudishia karatasi Wamalwa. Mtu mmoja akafungua soda nyingine. Hakuna aliyeuliza mbona basi anaiuza, na Wabwile akaelewa kwamba imekwisha hapo.

Kutoka kwa Murunga mpaka kwa mama ni mwendo wa dakika kumi. Njiani alijiambia amedanganywa. Bila shaka amedanganywa mama wa watu, ameletewa karatasi kwa haraka, ameambiwa ni ya kitu kingine, hakuvaa miwani. Alijiambia hivyo kila hatua, na alipofika langoni alikuwa karibu aamini. Mama yake alikuwa amekaa kwenye mkeka, miwani usoni, anachambua maharagwe ya mbegu.

"Mayi," akamwita, kama wanavyowaita mama zao kule kwao. Hakukaa. "Kuna karatasi ulimtilia Wamalwa sahihi."

"Iko."

"Alikuambia ni ya nini?"

"Alinisomea. Na mimi nikasoma, nina macho."

"Alisema pikipiki itakuwa yake?"

"Alisema anaiomba. Nikampa."

Wabwile alisogea hatua moja. Akashika nguzo ya kibaraza. "Mayi, mimi ndiye mtoto wako."

"Na yeye alitoka mtoni siku gani? Si ni siku moja na wewe? Baba yako alisimama nyuma ya wangapi?" Aliokota harage bovu akalitupa. "Huyo huja hapa kila Jumapili baada ya kanisa. Sukari analeta, hata kama hakuna sukari anakuja tu. Wewe nakuona Krismasi."

"Nilikuwa natengeneza pikipiki ya baba. Miaka mitatu, Mayi. Kwa mikono hii."

"Ya baba." Mama akavua miwani. "Ulikuja hapa na pikapu ukaniambia, Mayi, hii takataka wacha nikuondolee upate mahali pa mahindi. Takataka. Ukanywa chai yangu, ukaibeba. Hukuniambia inaenda kufanywa nini, hukuniuliza kama naitaka. Hiyo pikipiki mimi nimekaa nyuma yake miaka kumi na tisa, Wabwile. Nikiwa na wewe tumboni, nimeshika koti la baba yako, mvua inanyesha, kutoka Bokoli mpaka hospitali. Akienda kuchanja ng'ombe ananipitisha kwa mama yangu, jioni ananichukua. Kila mtu alikuwa anajua, Khisa akipita, Peris yuko nyuma."

Wabwile alikuwa amesimama vilevile. Mkono ulikuwa bado kwenye nguzo.

"Siku hiyo uliileta, nilisikia mlio kutoka barabarani. Ule mlio nimeusikia, nikasema huyo ni mwanangu, ameitengeneza, amekuja kunichukua. Nikaingia ndani nikavaa leso mpya na viatu. Nikatoka. Wewe unazunguka, unazunguka, umelala juu yake peke yako. Nikatazama nyuma yako nitakaa wapi. Hakuna kitu. Umekata." Akapangusa miwani kwa upindo wa leso, taratibu, jicho moja na jingine. "Ukanipungia mkono ukaenda. Kesho yake Wamalwa akaja na hiyo karatasi. Angeniomba hata nyumba siku hiyo ningempa."

Sasa Wabwile angefanya nini? Mimi nimeliwaza jambo hili mara nyingi. Ndani yake kulikuwa na vitu viwili vinasukumana. Kimoja kilikuwa kinajua kabisa mama anasema kweli. Kingine kilikuwa kinauma tu: kwamba walikuwa wawili, mama na bakoki, watu wawili pekee ambao hakuwahi kuwafungia mlango, na wote wawili wameweka sahihi zao kwenye karatasi moja dhidi yake. Hicho cha pili kilikuwa na sauti kubwa zaidi.

"Anaiuza Jumamosi," akasema. "Kwa mtu wa Nairobi. Hilo alikuambia?"

Mama akatulia na harage mkononi. Hapana, hilo hakuambiwa, na uso wake ukaonyesha. Akalirudisha lile harage na mengine.

"Sikujua," akasema.

"Mpigie. Mwambie umebadilisha. Kwa chifu wataisikiliza sauti yako, na yeye hawezi kubishana na wewe. Mpigie sasa."

Simu ilikuwa pale mkekani, kando ya ungo. Mama akaichukua. Akaishika kwenye paja, hakuifungua, akamwinulia mwanawe macho.

"Nitampigia," akasema. "Lakini tangu umefika hapa umeniuliza karatasi, sahihi, umeniuliza chifu. Hujaniambia neno moja la kile nimekuambia. Kaa chini, Wabwile. Hujaniambia hata pole."

Neno lenyewe ni silabi mbili. Tunaligawa bure huku kwetu. Mtu akijikwaa, akipiga chafya, akibeba mzigo, tunampa pole na hatujui hata jina lake. Mama alikuwa amelitaja yeye mwenyewe, amemwekea mezani, na simu iko mkononi, na Jumamosi bado siku tatu. Wabwile alifungua mdomo. Akafikiria ile sahihi, jinsi herufi zilivyolala vizuri, bila kutetemeka. Akafikiria neno mwanangu, na jina lililofuata baada yake. Yeye ndiye aliyeporwa, na yeye ndiye aombe radhi? Akaangalia kama kuna kitu cha kushika, hakuna. Ilikuwa ile nguzo tu.

"Wacha nisikose gari," akasema.

Mama hakumwita. Alipofika langoni alisikia maharagwe yakianguka tena ndani ya ungo, moja moja.

Jumamosi lori dogo lilikuja Kanduyi likachukua pikipiki, imefungwa blanketi, na jioni Chesang akamletea Wabwile picha nyingine ambayo hakuitazama. Phelista alikuwa ameshazungumza kila kitu juu ya Wamalwa, na juu ya wanaume, na juu ya mambo ya wanaume. Alipomaliza akaketi karibu na mumewe kwenye turubai tupu nyuma ya jiko, akampa chai.

"Jambo moja bado sielewi," akamwambia. "Hiyo Jumatano ulikuwa hapo hapo Kanduyi. Mama ndiye mjane. Angesema neno moja tu, ingerudi. Hukupitia kwake? Alisema nini?"

Wabwile akachukua kikombe, akakizungusha mikononi, akapuliza chai ambayo ilikuwa imeshapoa.

"Nilipitia," akasema. "Sikumkuta."